Mtu wa Kungoja

Karatasi yenyewe ilikuwa moja, ya mistari, imechanwa kwenye daftari la shule. Shangazi aliiweka mezani kati ya birika la kahawa na ramani, akanisogezea kalamu. Alikuwa ameshaandika rangi ya boti, nguvu ya injini, ghuba tunayokwenda, siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Chini yake yalikuwa majina matatu. Mbele ya jina lake palikuwa na jina la jirani na nambari ya simu. Mbele ya jina la mpwa wake palikuwa na jina la mke wa mpwa. Mbele ya jina langu palikuwa patupu.

“Andika mtu wako,” akasema.

“Mtu gani?”

“Atakayejua kwamba hujarudi.”

Nilikuwa na miezi mitatu Juneau, mji mkuu wa Alaska, mji usio na barabara ya kuutoa mtu kwenda kwingine. Unaingia kwa ndege au kwa meli, na unatoka vivyo hivyo. Watu niliowajua walitosha kunijazia simu: msimamizi wa utafiti wangu, mwenye nyumba, wanafunzi wenzangu wa uzamili. Lakini mtu wa kujua kwamba sijarudi ni jambo jingine. Niliishika kalamu kwa muda, kisha nikasema nitajaza kesho.

Alinitazama juu ya miwani. “Mstari huu ukiwa mtupu, hupandi boti.”

Si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa mwenzangu wa maabara, mama wa miaka sitini na ushei aliyeanza kuwinda akiwa msichana. Ulimi wangu wa Kilifi ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu kama wafanyavyo wenyeji. Nilipomweleza maana ya neno, alilipenda, na sasa hata mpwa wake anamwita Shangazi, kwa Kiswahili, akilivuta polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Mwaliko ulikuja mwishoni mwa Oktoba. Kila Novemba, mwenzangu alisema, yeye na shangazi yake huvuka bahari kwenda kutafuta nyama ya mwaka. Mjomba aliyekuwa wa tatu sasa anaumwa magoti. Walihitaji mtu wa kupika, kutazama boti na kusaidia kubeba. Nilikubali upesi, kama anayekubali kwa kuwa hajui anachokikubali. Nilidhani kupanga safari ya kuwinda ni kufunga mizigo. Ilituchukua wiki tatu, jioni baada ya jioni, kwenye meza ile ile ya jikoni.

Kisiwa tulichokipangia ni Admiralty, ng'ambo ya mkondo wa bahari uitwao Stephens Passage. Kimo ndani ya Tongass, msitu wa taifa uliotengwa mwaka 1907 na ulio mkubwa kuliko misitu yote ya taifa ya Marekani, karibu hekta milioni 6.8. Watlingit, ambao wameishi kisiwani tangu kale na bado wana kijiji chao cha Angoon, wanakiita Kootznoowoo, ngome ya dubu. Si jina la mapambo. Kisiwa kina kilomita za mraba 4,260 hivi, na dubu wa kahawia wanaokadiriwa kufika 1,600. Dubu ni wengi kuliko watu. Ufuo ni mawe yenye utelezi, na nyuma yake misprusi na mihemloki imesongamana, chini yake magogo yaliyoanguka na kuota kuvu, vinamasi, na kichaka chenye miiba hadi kwenye majani ambacho wenyeji hukiita rungu la shetani. Mvua hainyeshi kwa msimu. Inanyesha tu.

Mnyama tunayemfuata ndiye aliyenipa taabu ya kwanza, kwa sababu sikuwa na jina lake. Afrika kusini mwa Sahara haina jamii hii ya wanyama, wale ambao pembe zao huchipua kama matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Biblia ya Kiswahili ina neno ayala, ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitumia nje ya kanisa. Wengine husema kulungu, jina la mnyama wetu wenyewe mwenye pembe zilizojisokota. Nimeamua kulichukua hilo, na kulungu wa nyumbani anisamehe. Kulungu wa Sitka ni mdogo kwa jamii yake: dume mzima ana wastani wa kilo 54, jike kilo 36. Mkia wake ni mweusi kwa juu. Kiangazi hupanda juu ya milima, kwenye majani mabichi yaliyo juu ya mstari wa miti. Theluji ikianza kulala huko juu, hushuka. Ikizidi, hujificha chini ya miti mikubwa ya zamani, kwa kuwa matawi yake huzuia theluji isifike chini na kufunika chakula. Ikizidi zaidi, hufika hadi ufuoni na kula mwani. Majira ya baridi ya 2006 hadi 2007 theluji ilikuwa nyingi mno, na kulungu wengi walikufa visiwani. Shangazi anaukumbuka mwaka ule kama watu wetu wanavyoukumbuka mwaka wa njaa.

Kwa hiyo Novemba. Theluji inawashusha, na ni msimu wao wa kupandana, madume wanatembea hovyo bila tahadhari yao ya kawaida. Ukipuliza kipenga kinachoiga mlio wa jike au wa mtoto, dume huweza kuja mbio. Dubu pia huweza kuja. Wengi wao wakati huo wanaingia mapangoni kulala, ila si wote, na wasiolala hawaulizi nani aliita.

Jambo nililojifunza kwanza mezani pale ni kwamba Shangazi hupanga safari kuanzia mwisho. Mimi siku hizo nilikuwa naandika pendekezo la utafiti wangu kuhusu samoni, na kila sura ilianza na lengo, kisha njia, kisha matokeo yanayotarajiwa. Yeye alianza na sisi watatu tukiwa tumerudi, boti imefungwa gatini, nyama imo ndani ya friza. Kisha akarudi nyuma, hatua moja moja, akiuliza kila hatua ingeweza kuharibika vipi.

Katikati ya Novemba, Juneau, jua huchomoza saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Mimi nimekulia mahali ambapo jua lina adabu, linachomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Shangazi alichora mstari, akaandika saa tisa na nusu mwisho wake, akahesabu kurudi nyuma. Saa moja ya kufika ufuoni na mzigo, kama ardhi ni nzuri. Nusu saa zaidi kwa sababu ardhi si nzuri. Saa moja ya kupasua na kukata.

“Kwa hiyo baada ya saa saba mchana hatupigi,” alisema. “Hata akisimama mbele yetu akitusalimia.”

Halafu umbali. Hatuendi zaidi ya kilomita moja kutoka majini. Kila hatua unayokwenda bila mzigo utairudia na mzigo, na sheria ya Alaska haimruhusu mwindaji kuchukua paja na pembe akaiacha iliyobaki; nyama inayolika ya shingo, kidari, mbavu, mgongo na miguu lazima itoke msituni. Shangazi anasema hata bila sheria asingeiacha. Nyama haiachwi usiku porini, kwa sababu asubuhi utakuta ina mwenyewe. Matumbo yanabaki, na sisi tunaondoka hapo haraka, tukizungumza kwa sauti, mmoja akikata na mwingine akitazama miti. Mwenye kutazama miti ningekuwa mimi, na kopo la pilipili ya kupulizia dubu kifuani.

Kisha nguo. Alimwaga begi langu sakafuni na kutoa kila kitu cha pamba. Pamba ikilowa hailindi joto, na kule kila kitu hulowa. Akanipa sweta mbili za sufu za mjomba mwenye magoti na mabuti ya mpira ya Xtratuf yaliyonizidi namba moja. Leso ya nyanya yangu, ambayo huwa naifunga kichwani nikilala, aliishika, akaipapasa, akaona ni pamba, kisha akairudisha begini bila kusema neno.

Mahali pamoja tu nilikuwa na la kuchangia. Alinipa kitabu cha majedwali ya maji kupwa na kujaa, kunijaribu nadhani, nikakifungua na kukisoma kama gazeti. Nyumbani kwetu ni kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Nimejua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Lakini bamvua ya kwetu ni kama mita nne kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Hapa inapita mita sita. Boti ukiiacha vibaya maji yakijaa, utarudi na kuikuta imekaa juu ya mawe mita mia moja kutoka majini. Ukiiacha vibaya yakikupwa, utarudi na usiikute kabisa. Niliona kwamba siku alizochagua zilikuwa za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, nikamwambia.

“Kumbe wewe ni mtu wa pwani,” alisema, na kuanzia hapo kazi ya boti ikawa yangu.

Sikuwa naenda kuwinda. Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu ndilo lililonirudisha nyumbani kwa mawazo. Alaska humhesabu mtu kuwa mkazi, kwa mambo ya uwindaji, akiwa ameweka makao humo miezi 12 mfululizo. Mgeni wa nchi nyingine ambaye si mkazi haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa yeyote bila kuandamana na mwongozaji mwenye leseni. Na sheria ya taifa inamkataza mwenye viza ya masomo kama yangu kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenzangu aliyasoma hayo yote kwa sauti, akicheka kidogo kwa aibu, kama mtu anayemsomea mgeni masharti ya nyumba. Bunduki nisingeishika hata ya kumpokea mtu anayeruka kutoka botini.

Wao walikuwa na tiketi zao za kulungu, karatasi ndogo za serikali. Ukiua, unakata siku na mwezi kwenye tiketi hapo hapo, kabla ya jambo jingine, na mwisho wa msimu unaripoti ulichopata, au kwamba hukupata. Shangazi alikuwa na karatasi ya ziada: mkazi wa miaka 65 au zaidi anaweza kumruhusu mkazi mwingine amwindie, na yeye huwawindia jirani yule yule ambaye jina lake liko kwenye mstari wake. Alizipanga tiketi mezani kama mtu anayepanga karata, nami nilikuwa nikiziangalia nikamkumbuka babu.

Babu yangu alifungwa miezi sita kwa ajili ya paa mmoja.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Babu aliendelea kuingia msituni na waya, si mara nyingi, na alipopata alikula yeye, na wazee wawili wasio na watoto, na mjane wa nyumba ya bondeni. Sisemi hakuwa na kosa. Nimesoma vya kutosha kujua waya ni nini. Waya hauchagui dume wala jike, mwenye mimba wala asiye nayo, na Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, uliozungukwa na watu pande zote, si kisiwa cha dubu. Lakini nilikua nikijua kwamba neno jangili likitajwa kwenye redio, baba huinuka na kuizima.

Na nilikua nikijua kwamba babu alichongewa. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa kwetu. Mtu alimwona akiingia, akaenda kusema. Na mtu huyo, ingawa hakuna aliyemtaja mbele ya wageni, alikuwa mzee wa boma la pili kutoka letu. Hatukunywa maji kwao. Harusini tulikaa upande mwingine. Nilisoma darasa moja na mjukuu wake kwa miaka minane na sikumwazima hata penseli.

Usiku ule nilimpigia nyanya. Kwetu nyanya ni Hawe. Hawe ana simu ya mulika mwizi ambayo huisikia akitaka, kwa hiyo nilimpigia binamu yangu kwa WhatsApp, naye akatoka nje na simu hadi kwenye mwembe. Novemba, Juneau na Kilifi zimepishana saa 12 kamili. Kwangu ilikuwa saa mbili usiku, kwao saa mbili asubuhi. Nilimsikia kuku.

Nilikuwa nimepanga kumdanganya. Nilitaka kumwambia ni safari ya chuo, ya samaki. Lakini aliniuliza chakula nakula nini, nikajikuta nimemwambia yote kwa Kigiriama changu kilichoanza kupata kutu: kisiwa, mnyama, mama yule, dubu. Nilingoja anikataze.

“Mnaingia na upepo au dhidi ya upepo?” akauliza.

Nikasema dhidi ya upepo.

“Anayebaki na chombo nani?”

“Mimi, Hawe. Na siku ya kuingia msituni, tunakiacha mahali nilipopima maji.”

“Na nyumbani mmemwambia nani njia?”

Nikamweleza habari ya karatasi. Nikamweleza na kanuni ya Shangazi ambayo ilinichukua muda kuielewa: kwamba siku ya kurudi na siku ya kutafutwa si siku moja. Tukirudi Jumapili saa kumi jioni, vizuri. Tusiporudi, aliyeshika karatasi asikimbilie simu, kwa sababu huenda bahari imechafuka na tumekaa kibandani tunakunywa chai. Tunabeba chakula cha siku tatu zaidi kwa ajili hiyo. Anangoja hadi Jumatatu saa kumi jioni. Ikipita dakika moja, anawapigia Walinzi wa Pwani, na haoni haya.

Hawe alinyamaza. Nilidhani mtandao umekatika.

“Babu yako alikuwa na hivyo,” alisema. “Alikuwa akiniambia, naingia kwa njia ya mkwaju, natokea kwa njia ya kisima. Jua likifika kwenye ule mnazi wa mwisho sijaja, usifanye kitu. Likizama, tafuta watu.”

“Kila siku?”

“Kila siku aliyoingia. Na siku ile likazama.”

Alisimulia bila kupandisha sauti. Wanaume wa karibu walikuwa wameenda Malindi kwenye vibarua. Alingoja mpaka jua likazama lote, kama alivyoambiwa, kisha akaenda kwa naibu wa chifu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na tochi na watu. Naibu wa chifu alikuja na askari wawili. Hawe akatembea mbele yao kwa njia ya mkwaju, akiwaonyesha. Walimkuta babu ndani ya shimo la zamani la wapasuaji mbao, mguu umevunjika, na paa kando yake, waya bado shingoni. Walimtoa juu ya kitanda cha kamba. Kwanza hospitali, halafu korti.

“Ni mimi niliyewaonyesha,” alisema Hawe. “Si yule mzee. Mzee wa watu hakujua lolote.”

“Kwa nini hukusema?”

“Babu yako alisema nisiseme. Alisema watoto wataniona vibaya. Aliponiona siku ya kwanza huko jela aliniambia, ulingoja vizuri.” Nikasikia akimfukuza kuku. “Halafu miaka ikapita. Kitu kikikaa sana, unakiogopa. Yule mzee alikufa mwaka juzi. Nilienda matangani, nikakaa nyuma.”

Sikujua la kusema, na sijui mpaka leo. Nilifikiria yule mjukuu na penseli. Nilifikiria jinsi babu, baada ya kutoka, hakuingia tena msituni, na jinsi sisi tulivyodhani aliogopa askari. Labda aliogopa askari. Au hakutaka tena kumweka Hawe mahali pale, jua linazama na hakuna jibu lisilokuwa na gharama. Kwenye karatasi ya Shangazi kuita msaada hakuna adhabu. Boti inakuja, helikopta inakuja, hakuna anayekuuliza kwanza ulikuwa unafanya nini huko. Tiketi ile ndogo hainunui kulungu tu. Inamnunulia anayengoja haki ya kupiga simu.

Kabla ya kukata, Hawe aliuliza: “Mtu wako kwenye hiyo karatasi ni nani?”

Nikasema bado sijaandika.

“Niandike mimi. Kungoja najua.”

Kesho yake jioni niliandika jina lake na nambari ya binamu. Shangazi aliitazama nambari inayoanza na 254.

“Anajua Kiingereza?”

“Hajui.”

“Anaweza kuwapigia Walinzi wa Pwani?”

“Hawezi.”

“Sasa anaweza nini?”

Nikamsimulia, si yote, ila mnazi na jua na tochi. Mwenzangu aliacha kuosha vikombe. Shangazi alichukua kalamu na, chini ya jina la Hawe, akaandika jina la mke wa mpwa, akachora mshale kati ya hayo mawili. Huyu atawapigia walinzi, alisema, na huyu atampigia huyu. Kisha akaandika karatasi ile mara mbili zaidi: moja ya kubandika kwenye friji ya jirani, moja ya kuacha ndani ya gari gatini.

Hatukuondoka. Siku moja kabla, utabiri ulitoa onyo la dhoruba, upepo wa kilomita 80 kwa saa mkondoni, na usiku tukausikia wenyewe, upepo wa Taku, unaoshuka kutoka uwanda wa barafu nyuma ya mji na kutikisa mabati. Mizigo ilikuwa imeshapangwa mlangoni. Mwenzangu alisema huenda utatulia asubuhi. Shangazi hakubishana naye. Alitoa karatasi zote tatu, akakata tarehe kwa mstari mmoja, akaandika nyingine, siku tatu mbele, kisha akanipa kitabu cha majedwali.

Siku tatu zilitusogeza karibu na bamvua. Saa zote za boti zilibadilika. Ufuo tuliopanga kushukia ungekuwa chini ya maji asubuhi na uwanja wa mawe mchana, kwa hiyo ilibidi kutafuta mahali pengine kwenye ramani, kupunguza saa za kuwa msituni, kuongeza kamba. Tulimaliza karibu saa mbili usiku. Nikampigia binamu.

“Hatukwenda, Hawe. Upepo. Sasa tunarudi Jumatano, saa kumi jioni.”

“Yenu au yetu?”

“Saa ni ile ile. Kwetu jioni, kwenu alfajiri.”

“Na ya kutafutwa?”

“Alhamisi, saa kumi.”

Alirudia siku zote mbili polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu chenji.

“Haya,” alisema. “Saa kumi alfajiri mimi huwa macho.”